Skima Isiyo na Jina: Miezi Saba Katika Tangi la Matumbawe

Skima ninayoitathmini hapa, yaani chombo cha kutoa uchafu katika maji ya tangi la samaki kwa kutumia viputo vya hewa, haina jina la kampuni. Boksi lake lina picha ya samaki wa rangi, maelezo ya Kichina na mstari mmoja unaosema kwamba inafaa tangi la maji chumvi lisilozidi lita 500. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 260,000, baada ya kuanzia 320,000, katika duka ambalo sitalitaja kwa kuwa nina mawili matatu ya kulilalamikia. Muuzaji, kijana mcheshi aliyeniita mzee tangu nilipotia mguu mlangoni, alinihakikishia hivi: "Mzee wangu, hii ukishaiwasha, mwani wote unakwisha wenyewe ndani ya wiki moja." Nimeishi na chombo hicho miezi saba sasa. Ni kizuri kuliko boksi lake, lakini ahadi ya muuzaji haikutimia hata siku moja, wala isingeweza kutimia.

Ninaandika kwa sababu wafugaji wenzangu kadhaa wa Dar es Salaam waliojaribu skima za namna hii wamezitupa chini ya ngazi, wakidai kwamba zinajaza tangi viputo na kuacha mwani ukiota kama kawaida. Mimi pia nilikaribia kuitupa yangu. Nilichokuja kugundua ni kwamba viputo nilivyokuwa nikiviona vilitoka sehemu tatu tofauti, na ni sehemu moja tu iliyokuwa ya skima. Nyingine ilikuwa uzembe wangu wa kujaza maji, na ya tatu ilikuwa mwani wenyewe ukitoa hewa.

Kwanza niseme tangi lenyewe lilivyo. Lipo sebuleni, Upanga, lina urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kina cha 50, na chini yake, ndani ya kabati, ipo sampu ambamo maji hushuka, huchujwa na kurudishwa juu kwa pampu. Ukiondoa nafasi ya mawe na mchanga, maji yote hayazidi lita 290. Maji ya bahari naletewa kwa madumu na mvuvi wa Kunduchi, ambaye tumekubaliana ayateke mbali na ufukwe wakati bahari imejaa, hasa siku za bamvua, kwa sababu maji ya kupwa hubeba matope na takataka za mito. Masika siyatumii kabisa. Nanunua chumvi ya dukani na kuikoroga kwenye maji yaliyochujwa. Mvuvi huyo aliwahi kujitolea kuniletea pia mawe hai, yaani mawe yenye viumbe wadogo juu yake, kutoka mwambani, nikamshukuru na kukataa, maana mwamba wetu umeumizwa vya kutosha na baruti, na sikutaka tangi langu liwe sababu ya nyundo nyingine. Badala yake nilichukua mawe makavu kutoka kwa mfugaji aliyevunja tangi lake miaka mingi iliyopita. Uamuzi huo bado nauona sahihi, ingawa, kama nitakavyoeleza, ndio uliozaa nusu ya shida zangu.

Kazi ya skima ni rahisi kuieleza. Pampu ndogo yenye impela (gurudumu dogo la kusukuma maji) ya vijino inavuta maji na hewa kwa pamoja, inaisaga hewa hiyo kuwa viputo vidogo mno, na kuvisukuma ndani ya mwili wa chombo. Katika maji ya chumvi viputo haviungani upesi kama katika maji yasiyo na chumvi, hivyo hubaki vidogo na hukaa muda mrefu. Uchafu wa asili ya samaki na chakula, yaani protini, mafuta na vinginevyo vyenye upande mmoja unaoyakimbia maji, hunasa kwenye ngozi ya kiputo, hupanda nacho hadi shingoni, na povu linapokauka kidogo humwagikia kwenye kikombe likiwa na rangi ya chai ya rangi na harufu ambayo mke wangu ameipa jina nisiloweza kuliandika hapa. Uchafu huo unatolewa kabla haujaoza. Lakini naitreti na fosfeti, ambazo ndizo mbolea ya mwani, zikishayeyuka katika maji hazishikiki na kiputo. Kwa hiyo skima inapunguza malighafi ya mbolea bila kuigusa mbolea iliyokwisha kuwapo, na hapo ndipo ahadi ya muuzaji ilipoanguka.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya mateso. Nilikuwa nimeiosha kwa maji na siki, kama inavyopasa, kwa kuwa plastiki mpya huwa na mabaki ya mafuta ya kiwandani yanayovuruga povu, lakini hata hivyo ilimwaga viputo kama soda iliyotikiswa. Maji yaliyorudi kwenye tangi yalikuwa meupe kama tui lililozimuliwa, na samaki niliwaona kwa taabu. Siku ya sita ukungu ulianza kupungua, siku ya kumi ulikuwa umebaki robo, ukagoma kuisha. Karatasi ya maelekezo ilisema kina cha maji kinachotakiwa ni kati ya sentimita 18 na 22. Nilipopima kwa rula nikakuta chumba cha sampu nilimoiweka kina sentimita 26. Maji yakiwa marefu kupita kiasi, skima hukandamizwa, povu hupanda likiwa bado jepesi, na viputo hutoka kwa bomba la chini kabla havijapata nafasi ya kupanda. Fundi wa vioo wa mtaani alinikatia kipande cha plastiki ngumu nikakiweka chini yake kama kiti, kina kikawa sentimita 21, na nikaongeza sponji ya matundu makubwa katika njia ya kutokea maji. Baada ya siku mbili tangi lilikuwa limetakata. Namlaumu mtengenezaji kwa jambo moja hapa: chombo kinachotegemea kina cha maji kiasi hiki kingepaswa kuja na miguu ya kupandisha na kushusha.

Mwezi mmoja baadaye viputo vilirudi, na nikaanza kuilaani skima upya. Safari hii, hata hivyo, vilikuwa vikubwa zaidi, vilitoka kwa mafungu, na vilizidi jioni. Niliizima skima kwa saa tatu nzima na viputo vikaendelea. Nawashauri wote kufanya jaribio hilo kabla ya kugusa vali yoyote, kwa sababu linagharimu subira tu. Kosa lilikuwa kwenye chumba cha mwisho cha sampu, chenye pampu ya kurudisha maji. Kwa joto la Februari nilikuwa nimeweka feni juu ya tangi ili maji yasipite nyuzi 28, na feni hiyo ilikuwa ikikausha lita nne hadi tano kwa siku. Maji yanayokauka hayapungui kwenye tangi la juu bali kwenye chumba hicho, na kila jioni kina chake kilikuwa kimeshuka hadi pampu ikaanza kuzungusha kizingia kidogo na kufyonza hewa. Nikiongeza maji yasiyo ya bahari, kwa kuwa chumvi haikauki pamoja na maji, viputo vilikoma papo hapo. Sasa nina ndoo ya akiba yenye pampu ndogo na boya linalojaza chumba lenyewe, na tangu siku hiyo shida hiyo imeniacha.

Viputo vichache haviui chochote. Tatizo lake ni kwamba vinapopasuka juu ya maji hurusha matone ya chumvi, na chumvi hiyo hukauka juu ya taa, nyaya na soketi. Mfugaji wa Dar ambaye tayari anapigana na kutu ya hewa ya pwani hahitaji msaada huo.

Kuna kasoro moja ya kweli ambayo mnunuzi wa hapa lazima aijue, nayo inahusu umeme. Umeme ukikatika, maji yaliyo kwenye mabomba na yale ya juu ya mdomo wa tangi hushuka kwenye sampu, na kina cha chumba cha skima hupanda. Umeme ukirudi, pampu zote huamka pamoja. Skima huanza kazi ikiwa imezama kupita kipimo chake, na kwa dakika chache hububujika hadi kikombe kinajaa na kumwaga uchafu wote wa siku kadhaa ndani ya maji uliyokuwa ukiyasafisha. Hali hii ilinikuta mara mbili nikiwa kazini. Skima za bei kubwa huja na kidhibiti kinachozichelewesha kuwaka, lakini hii haina. Nilinunua taima ya kuchelewesha soketi, ile ile ambayo watu hufunga kwenye majokofu, nikaiweka dakika tano, na pampu ya kurudisha maji huwa imeshashusha kina kabla skima haijaamka. Bila kifaa hicho nisingempa mtu yeyote ushauri wa kuinunua.

Sasa nije kwenye mwani, ambao ndio uliomfanya muuzaji aongee sana.

Wiki ya tano mawe yangu yaliota nywele za kijani, fupi kwanza kama sufi, kisha ndefu kiasi cha kupepea kwenye mkondo. Mchana, taa zikiwa zimewaka kwa saa kadhaa, kila unywele ulibeba kiputo kinachometa kama shanga. Hiyo ilikuwa oksijeni tu, mwani ukifanya usanisinuru kwa bidii kuliko maji yanavyoweza kuimeza. Nilipima fosfeti nikapata miligramu 0.4 kwa lita, mara nne au zaidi ya kiasi ninachopenda kuona, wakati naitreti ilikuwa karibu sifuri. Asomaye kipimo hicho cha naitreti kwa haraka atadhani maji ni masafi, lakini mwani uliokwisha kuota unaila kabla ya kipimo kuiona. Chanzo cha fosfeti kilikuwa yale mawe makavu, ambayo kwa miaka yote katika tangi la kwanza yalikuwa yameifyonza, na sasa yalikuwa yakiirudisha taratibu. Skima ilikuwa ikijaza kikombe chake kila siku ya tatu kwa uaminifu, na mwani ulikuwa ukirefuka vilevile. Hakuna kosa la chombo hapo, kama ambavyo huwezi kumlaumu mzoa taka kwa sababu bomba la jirani limepasuka.

Kilichoushinda mwani ule ni mikono. Niliung'oa kwa vidole na mswaki, nikiuvuta papo hapo kwa mpira ili vipande visisambae. Nikapunguza taa kutoka saa kumi na moja kwa siku hadi nane. Nikaongeza konokono tisa wa kula mwani. Nikaacha kujazia maji ya kisima cha jengo letu, ambayo yana chumvi na vingine visivyoonekana kwa macho, na kuanza kutumia maji yaliyopita kwenye mashine ya osmosisi, inayochuja chumvi. Hatua hizo peke yake zingetosha kwa mtu mwenye subira. Mimi sikuwa nayo, na nikaongeza mfuko wa punje za oksidi ya chuma, zinazonyonya fosfeti, kwa kipimo maradufu ya kilichoandikwa.

Baada ya wiki tatu fosfeti ilisoma sifuri na naitreti sifuri. Nywele za kijani zilikuwa zimenyauka, nami nikajisifu mezani mbele ya wageni. Siku chache baadaye mchanga ukaanza kupata rangi ya kahawia, na juu ya mawe na matawi ya matumbawe yakatokea makamasi yenye nyuzi, kila uzi ukiwa na kiputo nchani unaoelea nacho kama mtoto aliyeshika puto. Asubuhi kulikuwa kusafi, saa tisa alasiri tangi zima lilitapakaa kiputo, na usiku yote yalitoweka. Konokono wanne wakafa ndani ya juma moja. Rafiki yangu mmoja aliyaangalia na kusema kwa uhakika kwamba skima inavujisha hewa.

Nilinyonya makamasi hayo kwa bomba la sindano, nikayatia kwenye chupa yenye maji ya tangi, nikaitikisa kwa nguvu hadi yakasambaratika, nikayapitisha kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, na maji yaliyopita nikayaacha chini ya taa. Baada ya saa moja hivi nyuzi zilikuwa zimejikusanya upya. Laiti ungekuwa utando wa sayanobakteria, ule mwekundu unaobanduka kama karatasi iliyolowa, sehemu kubwa ingebaki kwenye karatasi. Hawa walikuwa dinoflajeleti, viumbe vya seli moja ambavyo baadhi yake hutoa sumu, ndiyo maana konokono walikufa, na ambavyo hustawi zaidi pale maji yanapokosa kabisa naitreti na fosfeti, kwa kuwa washindani wao wote wamekufa njaa. Kwa maneno mengine, skima nzuri na punje nyingi kwa pamoja zilikuwa zimeyafanya maji kuwa jangwa, na jangwani akaota yule asiyehitaji mvua.

Hapo ndipo nilipoiheshimu skima hii kwa namna ambayo sikuitarajia. Ili mbolea irudi kidogo majini, nilitoa punje zote, nikasimamisha kubadilisha maji, nikawalisha samaki mara mbili kwa siku, na nilitaka pia skima iache kutoa uchafu. Lakini maji ya nyuzi 28 hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, na usiku matumbawe, samaki na mwani wote huitumia bila kuizalisha. Kuizima skima kabisa kungekuwa hatari. Kikombe chake kina tundu la kutolea maji lenye mpira, nami nikaurudisha mpira huo ndani ya sampu. Skima ikaendelea kusaga hewa na kuyapa maji pumzi huku ikirudisha ilichokusanya. Nilifunika tangi kwa blanketi siku tatu bila taa, kisha nikafukuzia kipimo cha naitreti miligramu 5 na fosfeti 0.08 kwa lita. Makamasi yalichukua wiki sita kuisha, na tangu hapo sijayaona. Fosfeti naiacha kati ya 0.05 na 0.1, mawe yana mwani kidogo wa kijani ambao konokono waliobaki wanauchunga, na viputo vya alasiri vilivyo juu yake havinisumbui tena.

Yapo mambo madogo ya matumizi ya kila siku. Tundu la hewa huzibwa na chumvi iliyokauka, na povu likidhoofika bila sababu, kulivutisha kikombe cha maji ya uvuguvugu mara moja kwa wiki kunatosha. Mikono iliyopakwa mafuta ya kujipaka ikiingia kwenye tangi, povu huanguka kwa saa nyingi. Hiyo si hitilafu. Sauti yake ni mngurumo mdogo usiozidi wa jokofu kuukuu. Pampu ya wati 15 hutumia uniti kama 11 za umeme wa LUKU kwa mwezi. Na jambo ambalo sikuliona katika maelekezo yoyote: skima hufyonza hewa ya chumba kile kile mnachokaa. Dawa za kupuliza mbu huwa na sumu kali kwa samaki, na zaidi kwa kamba na kaa, hivyo katika sebule yenye skima ni heri kutumia neti. Mimi nimeuvuta mpira wa hewa hadi dirishani, jambo ambalo pia limepandisha pH ya asubuhi kutoka 7.8 hadi 8.1, kwa kuwa usiku tunafunga madirisha na kuwasha kiyoyozi, na hewa ya ukaa hujaa chumbani.

Mwezi wa saba impela ilianza kulia. Niliifungua nikakuta ekseli yake ya kauri imepasuka, nikarudi Kariakoo, na kijana yule yule akaniambia kwa tabasamu kwamba vipuri havipo ila skima mpya zipo. Hiyo ndiyo sababu ya kutolitaja duka. Nilipata pampu nyingine inayokaribiana nayo kupitia mfugaji wa Mbezi Beach kwa shilingi 70,000. Ina nguvu kidogo zaidi, povu lake hupanda mapema, na kile kiti cha plastiki nimekiongezea sentimita mbili ili kina kiwe 19. Atakayeinunua skima hii ainunue akijua kwamba bei yake halisi ni 260,000, taima ya soketi, na pampu ya akiba ndani ya mwaka wa kwanza.